Kapeti la Upande wa Kushoto

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu Lukumani, fundi magari wa mtaa wa Isevya, na tangu anisimulie, nikikaa mbele kwenye gari situlii.

Alinunua gari la Pijo kuukuu lililoingia zamani kutokea Kongo, usukani kushoto. Akalifufua uani kwake miezi minane, akahamishia usukani na pedeli zote kulia, ili Jumamosi ampeleke bintiye Najiat harusini, amekaa kushoto kwake. Alhamisi akatandika kapeti jipya.

Ijumaa, baada ya swala ya isha, akaingia uvunguni kukaza nati. Umeme ukakatika, banda la mabati la pale uani likawa giza. Juu yake, upande wa kushoto, akasikia pedeli inakanyagwa polepole. Kwii. Kwii. Upande ule hapakuwa na pedeli tena.

"Najiat, shuka mwanangu."

"Abee baba," Najiat akaitikia kutoka jikoni. "Umeniita?"

Kule juu kukanyamaza. Lukumani akatambaa nje, akafungua mlango wa kushoto, akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Kapeti la jana lilikuwa limelika mpaka bati linaonekana, mahali pamoja tu, pale kisigino cha dereva kinapotulia.