Watu Wangu Hao, Wafungulie

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI. MIGORI.

Mashine ya posho ilikuwa ikisaga. Ndiyo maana Nchagwa, mfanya magendo, alikipenda chumba kile cha nyuma: neno likisemwa humo haliufikii mlango. Unga ulikuwa umetanda kila mahali, hata kwenye kope za Bonface, jitu kutoka Sori, ziwani, lililokaa juu ya gunia tupu, shingoni tai ya kwanza maishani mwake.

Dorine alikuwa akinyonyesha. Mkono mmoja ulimshika mtoto. Kidole cha mwingine kilichora ramani sakafuni, kwenye unga.

"Lango. Ofisi ya Hamud, mwenye mali. Stoo. Ndani ya stoo kuna chumba cha chuma. Mabondo yako humo."

Mabondo ni vibofu vya hewa vya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, vilivyokaushwa. Ng'ambo huko ni chakula cha matajiri. Huku, gunia moja linanunua shamba. Nchagwa alikuwa na mteja ng'ambo ya mpaka, na mteja hakuwa mtu wa kusubiri.

"Nani atatufungulia?" Nchagwa akauliza.

"Wao wenyewe."

Dorine akawaeleza. Yeye ni mwanagenzi wa uhasibu katika kampuni kubwa ya wakaguzi wa hesabu mjini Homa Bay. Mchana anafanya kazi, jioni anasomea mitihani. Siku wakaguzi wakija kuhesabu mali, stoo husimama. Vibarua hutolewa nje. Chumba cha chuma huachwa wazi mpaka hesabu iishe. Bawabu hapekui gari la mkaguzi, kwa sababu mkaguzi ndiye mpekuzi. Na kesho ni Ijumaa. Saa saba Hamud ataenda kuswali.

"Hamud akimpigia bosi wako?"

"Atampigia. Stanley atasema ni watu wake. Hajui wanagenzi wake wako wapi tangu Jumatatu. Kazi tunafanya sisi, yeye anatia sahihi."

Jina hilo alilitema. Dorine alikuwa amemfanyia Stanley kazi miaka mitatu. Mwaka mmoja zaidi, na Stanley angemthibitishia ile miaka minne ya kazi ambayo bila hiyo hakuna cheti cha uhasibu. Uchungu ulimshika akiwa mezani kwake, kalamu mkononi. Aliporudi na kichanga mgongoni, Stanley alikuwa ameandika kwamba alitoroka kazi. Miaka yote mitatu ikafutwa. Kiti chake kilikuwa na mpwa wa Stanley. Dorine akaambiwa, kama anapenda, aanze upya na kuchemsha chai. Akapenda. Akachemsha chai, akasubiri.

Nchagwa akamuuliza anataka fungu gani.

"Sitaki gunia. Nataka Stanley alale ndani."

Nchagwa akacheka mpaka unga ukamruka mdomoni. "Mama, hasira haina soko."

"Ndiyo maana nakupa bure."

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI. HOMA BAY.

Hamud alikuwa mzee mwembamba, kofia safi, macho yasiyo na haraka. Alimjua Dorine. Hakumjua Bonface, wala Nchagwa, aliyejilaza ndani ya pikapu kama dereva. Akapiga simu, akaiweka mezani wote wasikie. Upande wa pili kulikuwa na vicheko na mlio wa glasi.

"Watu wangu hao," sauti ya Stanley ikasema. "Wafungulie, mzee. Usinisumbue."

Hamud akafungua.

Kazi ikaenda kama maji mferejini. Dorine alikuwa amemfundisha Bonface usiku kucha: shika kalamu hivi, kunja uso, uliza "na hii je?" kisha nyamaza. Jitu likakunja uso vizuri kuliko wakaguzi wenyewe. Bawabu akamwita mkubwa. Vibarua wakatoka nje, wakangoja kivulini.

SAA SABA KASOROBO.

Dorine alitoka stoo kumtafuta Bonface. Akamkuta kibarazani amekaa, mikono imeoshwa, mbele yake sahani ya mbuta wa kukaanga na kuon, ugali wa wimbi. Kezia, mpishi wa pale, alikuwa amesimama kando yake kama nyanya yake wa damu.

"Chiem, nyathina," alikuwa akimbembeleza. "Kula, mtoto wangu. Kazi haikimbii."

Bonface alikuwa anakula.

Dorine akajua wamekwisha. Katika kampuni yao mkaguzi hali kwa mteja. Hali samaki, hanywi soda, hanywi hata maji. Chupa anatoka nayo kwake. Ni jambo la kwanza mwanagenzi kufundishwa, na Dorine alikuwa amelizoea mpaka halikumjia kama kitu cha kumwambia mtu, kama vile humwambii mtu apumue. Na Bonface amelelewa na nyanya yake huko ziwani. Atavunja kufuli ya mtu, ndiyo, lakini mama mzee akimwekea chakula hatakikataa.

Hamud alikuwa mlangoni, viatu vya kwendea msikitini miguuni. Kila mwaka huwatania wakaguzi: nyinyi watu mna saumu kunishinda mimi. Leo hakutania. Aliitazama sahani, akamtazama Dorine, akaondoka polepole. Kabla hajafika langoni, simu ilikuwa sikioni.

SAA SABA NA ROBO.

"Pakieni," Dorine alisema. "Ametushtukia."

Wakapakia mbio, bila kukunja uso wala kuuliza lolote. Nchagwa alimtukana Bonface kwa Kikuria, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Bonface alijibu jambo moja tu: mama yule angeona vibaya.

Injini ikanguruma. Dorine akashika mlango wa pikapu. Nchagwa akaufunga kwa ndani.

"Wewe wanakujua sura, Mama. Ukiwa na sisi watatufuata mpaka mpakani."

"Tulisema tunaondoka wote."

"Una mtoto. Karao akikushika, atakuonea huruma."

Bonface, juu ya magunia, alimnyooshea mkono. Mkono mkubwa, bado una mafuta ya samaki. Dorine angeweza kuushika. Nyumbani mtoto alikuwa kwa jirani, na jirani aliambiwa ni mpaka saa kumi. Lakini barabarani aliliona gari jeupe likija kwa kasi, na ndani yake, kando ya askari, uso wa Stanley.

Akarudi nyuma hatua moja. Pikapu ikatoka kwa lango la uani.

SAA SABA NA NUSU.

Stanley aliteremka akipiga kelele kwamba hamjui mwanamke huyu, ni mchemsha chai tu, mwizi.

"Asubuhi ulisema ni watu wako," Hamud alisema. "Mbele yao. Mbele yangu."

Askari aliyekuwa na vyeo alichoka haraka. Alisema wote wawili wataeleza vizuri kituoni. Pingu ilikuwa moja. Akawafunga pamoja, mkono wa kulia wa Dorine kwa wa kushoto wa Stanley.

Stanley akainama sikioni mwake. Jasho lake lilinuka pombe.

"Dorine, dadangu. Nitakusainia yote. Miaka mitatu, na wa nne juu yake. Cheti utapata. Sema tu sikuwatuma. Fikiria mtoto."

Alimfikiria. Alimfikiria kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Cheti kilikuwa pale, karibu kuliko wakati wowote, na kilitoka kwa mtu yuleyule aliyemfutia miaka yake.

"Haya, mama," askari akasema, kalamu tayari. "Nani aliwatuma?"

"Huyu hapa."

Akainua mkono kumwonyesha, na mkono wa Stanley ukainuka nao.