Pamba ya Ngalawa ya Gunga

Apa kwanza, shoga, kwamba haya hayatatoka mlango huu. Mimi pia niliapishwa, na tazama nishaanza kusema.

Mwanarusi wa Kuze alitaka kakake ashinde mashindano ya ngalawa. Magharibi, wanaume wakiwa msikitini, alishuka pwani kuchukua birika lake la chai alilolisahau huko. Giza lishaingia. Akaipapasa ngalawa ya Gunga, mpinzani wa kakake, akachomoa pamba ya kalafati iliyolowekwa mafuta ya papa kuziba nyufa, akaitupa baharini. Mara akasikia nyundo ndani ya ngalawa: ko, ko, ko. Akachungulia. Hamna mtu.

Alinijia akilia. "Gunga akizama, ni mimi niliyemuua."

"Basi kamwambie!"

"Nitawatazama watu kwa uso gani?"

Hakwenda kumwambia. Kesho yake Gunga akafika wa kwanza, ngalawa kavu kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mamake Gunga akamgeukia: "Mbona wewe kimya, Mwanarusi? Una husuda?"

Mwanarusi akafungua kinywa apige kigelegele. Sauti haikutoka. Ilitoka ncha ya pamba, yanuka mafuta ya papa. Mamake Gunga akaishika, akavuta. Watu wote wakitazama, akavuta, akavuta, na pamba yaja tu, yadondosha maji ya chumvi.