Nane ya Tsigereda

Wenzangu mnaoishi na wake na waume, nisikilizeni. Haya mengine niliyaona, mengine niliyasikia kupitia dari, maana naishi chini yao hapa Silver Spring, Marekani.

Natnael na mkewe Tsigereda walikuwa watu wa kuonea raha. Jumamosi moja waliniita kunywa kahawa. Tsigereda alikaa kwenye kigoda akikaanga buni, dirisha wamelifungua ili king'ora cha moto kisipige kelele kwa ule moshi. Bisi zilikuwa kwenye bakuli la bluu. Natnael akakunja tonge la injera, mkate wetu laini, na mchuzi wa kuku, akamtia mkewe mdomoni.

"Kubwa hivi, wataka kuniua?"

"Dogo ni la wasiopendana."

Tukacheka. Ndipo akaingia Wubit, dada mkubwa wa Natnael, daftari kwapani.

"Mnalishana tu, na usaili umebaki wiki tatu! Watawatenganisha vyumba, wawaulize mpaka rangi ya mswaki."

Wote tulijua uzito wa usaili huo. Watu wa uhamiaji wakiridhika kwamba ndoa ni ya kweli, Tsigereda angepata kadi ya kijani, ile ya ukaazi, kisha bintiye Mahlet wa miaka saba, aliyemwacha kwao Uhabeshi, mjini Dessie, kwa bibi yake, angeitwa aje. Wasiporidhika, Tsigereda angerudishwa kwao, na ndoa ingekuwa ya simu.

Wubit akawapa maswali, kila mmoja ajibu peke yake kwa maandishi. Kisha akasoma.

"Wifi, mumeo hulala upande gani?"

"Wa ukuta, na blanketi lote ni lake."

Tukacheka tena. Ukurasa uliofuata Wubit aliusoma kimya, akafunga daftari, akaaga, Natnael akamsindikiza.

Penye swali la saa ya kutoka kazini, Tsigereda alikuwa ameandika 8. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee, anatoka saa nane mchana. Sisi Wahabeshi huhesabu saa za mchana tangu asubuhi, kama ninyi, kwa hiyo nane yake ilikuwa sawasawa. Lakini kwa hesabu ya Wamarekani, mchana huo ni 2, na 8 ya jioni ni saa mbili usiku yetu. Wubit aliletwa huku akiwa ananyonya, na Natnael kazaliwa huku huku, kwa hiyo saa zao ni za Kimarekani.

Yaliyosemwa ngazini Natnael alikuja kunisimulia baadaye, akilia.

"Nati, mkeo kaandika anatoka nane. Rafiki yangu ni msimamizi pale, anasema zamu yake huisha mbili. Masaa sita kila siku, mdogo wangu! Na wewe unaendesha basi lako mpaka usiku. Anakuwa wapi?"

"Labda kakosea."

"Akishapata kadi utajua kama kakosea."

Mama yake Natnael alihesabu saa za kwetu mpaka siku aliyokufa, na mkewe huhesabu hivyo hivyo. Natnael alilijua hilo vizuri. Lakini mtu akishaanza kushuku, hata anachokijua kinamtoka kichwani. Na angeniuliza mimi, ningemwambia nyayo za mkewe nazisikia juu yangu kila alasiri.

Badala yake nilimkuta chumba cha kufulia, skafu ya Tsigereda puani.

"Nati, unanusa nini?"

"Sabuni, bibi."

"Sabuni hunuswa kwenye kopo, mwanangu."

Akaondoka bila kucheka.

Siku mbili baadaye Tsigereda akashuka kwangu. "Bibi, Nati ana mwanamke."

"Kakwambia nani?"

"Analala na simu chini ya mto. Nikiingia ananyamaza. Kila siku, umeshindaje, umeshindaje, kama askari."

"Muulize."

"Nikimuudhi sasa, na Mahlet? Acha usaili upite kwanza."

Basi wakaishi hivyo, kila mmoja akimchungulia mwenzake.

Siku ya usaili nilikwenda nao, nikabaki kwenye viti vya nje. Afisa, mama mmoja mpole wa miwani, alianza na Natnael, naye ndiye aliyenisimulia ya ndani. Mswaki akajibu, ukuta akajibu. Alipoulizwa mkewe hutoka kazini saa ngapi na hurudi saa ngapi, akasema:

"Muulize yeye. Mimi sijui anakokuwa."

Afisa akaacha kuandika.

Zamu ya Tsigereda ilikuwa ndefu sana. Kwenye maegesho ya magari akamgeukia mumewe.

"Umewaambia nini? Yule mama kaniuliza kama kweli naishi na wewe!"

"Niambie kwanza. Mbili mpaka nane unakuwa kwa nani?"

"Nane gani?"

"Uliyoandika!"

"Nane ya mchana, Nati! Nane yetu! Natoka, napanda basi, naingia nyumbani, nakupikia!"

Natnael akashika mlango wa gari, asiufungue.

Baada ya mwezi ikaja barua ya kuwaita usaili wa pili, ule mkali zaidi. Natnael alipiga magoti kuomba radhi, Wubit alikuja na maua. Tsigereda aliwasikiliza wote.

"Yule mama aliniuliza kama ndoa yangu ni ya kweli," akasema. "Mara ya kwanza nilijibu upesi. Sasa sina jibu."

Alirudi Dessie kwa mtoto wake. Juu yangu sasa hakuna nyayo za alasiri.

FUNZO

Wenzangu, msiseme afisa ndiye aliyevunja nyumba hii. Yeye aliuliza tu, na kuuliza ndiyo kazi yake. Wewe dada wa mtu, ukiona jambo usilolielewa, lipeleke kwa mwenyewe, usilipeleke ngazini. Wewe mke, usiweke swali kando kwa kuogopa karatasi. Na wewe mume, ukimshuku mkeo, mwulize siku hiyo hiyo. Natnael aliitafuta habari kwa dada, kwenye simu, mpaka kwenye skafu. Mwenye jibu alikuwa akimwekea chakula kila usiku.