Nyuma Hakuna Mtu

Siku ya kuamkia mbio, Mama Tepe aliamka na hasira ambayo hata yeye hakujua ameitoa wapi. Chai ilimwagika mezani, kamba ya kiatu ikakatika mkononi, na mumewe alikuwa amekaa kando ya jiko anajichua goti bila kusema neno. Kimya chake ndicho kilichomkera kuliko vyote. Mume alikuwa amekibeba tangu mwaka juzi.

Kijiji chao kiko juu sana, chini ya kilele chenye theluji hata wakati wa kiangazi, na njia za wakimbiaji zinakizunguka kupitia msitu wa misonobari, malisho ya ng'ombe na mabega ya miamba. Wageni huja kwa ajili ya njia hizo. Siku moja kabla ya mbio, Mama Tepe hupanda peke yake na kufunga tepe kwenye matawi na vigingi ili mkimbiaji ajue pa kukanyaga. Siku ya mbio mumewe, aliyeitwa Mfunga Njia kwa kuwa ndiye anayeifunga njia mbio zikiisha, hutembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho na kuzifungua moja moja, mlima ubaki ulivyokuwa. Watu waliwatania kwamba ndoa yao ni ya ajabu, mke anafunga, mume anafungua, na bado wanaelewana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifanyia mzaha. Mfunga Njia akifika kwenye lango la kumalizia, husimama mbele ya watu na kutamka, "Nyuma hakuna mtu." Hapo ndipo lango lile la kujazwa upepo hushushwa na kila mmoja akaenda kwake. Asipotamka, lango haliguswi, hata mvua inyeshe ya mawe.

Mwaka juzi alitamka, na kulikuwa na mtu. Mwalimu mmoja wa kike, mgeni, mkimbiaji wa mwisho kabisa, alichepuka njiani kujisaidia. Goti lilimuuma Mfunga Njia, baridi ilimkaza, akajisemea kwamba mwalimu ameshatangulia, akaendelea kushuka huku anafungua tepe. Mwalimu aliporudi njiani hakukuta alama hata moja. Walimtafuta mpaka theluji ikafunika kila kitu, wasimwone. Tepe za mwaka ule zilikuwa za buluu, na wanakijiji walizichoma zote, pamoja na bunda ambalo halijafunguliwa. Mwaka jana mbio hazikufanyika. Mwaka huu mwenyekiti wa mbio, mwenye nyumba ya wageni, alisema inatosha, watu wamelia vya kutosha, na akaagiza tepe za rangi ya chungwa.

Basi Mama Tepe akapanda nazo. Alifanya kazi asubuhi nzima, akapumzika juu malishoni, na alipoanza kushuka kwa njia ile ile hakuamini macho yake. Tepe zote za msituni hazikuwepo. Alitukana, akafunga upya. Alirudi juu kuhakikisha, akakuta sehemu ya miamba nayo iko tupu. Alitaka kulia kwa uchungu wa mgongo wake tu.

Alimfuata mwenyekiti, akamkuta anakunja mashuka ya wageni. Mwenyekiti alisema ni mbuzi. Mama Tepe akamuuliza tangu lini mbuzi akafungua fundo. Maana tepe hazikukatwa, wala hapakuwa na kipande chini, na fundo lile alilifunga kwa namna yake, la kuvuta kwa kidole kimoja, ambalo mtu wa pili kulijua alikuwa mumewe. Mwenyekiti akasema basi ni watoto wa shule, na kama amechoka aseme, wapo wengine wanaoitaka kazi. Alichukua bunda jingine la tepe, akatoka.

Akapanda kwa mara nyingine. Kwenye kona ya korongo, pale alipopotea mwalimu, alifunga utepe kwenye kigingi na kuukaza kwa nguvu zake zote. Akapiga hatua chache, akageuka.

Kigingi kilikuwa kitupu. Hapakuwa na upepo. Alisikia pumzi, nzito na za haraka, za mtu aliyekimbia mbali na sasa ameinama kushika magoti. Zilitoka kando ya kigingi, na kando ya kigingi hapakuwa na mtu. Mama Tepe hakukimbia. Alifunga utepe mwingine, akashuka bila kugeuka tena.

Nyumbani alimsihi mumewe asiende kesho, amwachie mwingine. Alimweleza yote, pumzi na kigingi. Mfunga Njia hakushangaa, na hilo nalo likamuudhi.

"Nani aende?" aliuliza taratibu. "Mimi ndiye niliyesema."

Siku ya mbio ilianza kwa jua zuri. Wakimbiaji wakaondoka kwa vifijo, Mfunga Njia akafuata nyuma na mfuko wake begani, na cha ajabu tepe zote zilikuwa mahali pake. Mchana ukungu ukashuka. Wakimbiaji wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wamelowa, wanacheka, mpaka aliyekuwa wa mwisho akapita langoni na kuvikwa blanketi. Mwenyekiti akahakikisha kwamba wageni wote wamefika. Kilichobaki ni neno la Mfunga Njia.

Hakuja. Watu wakasubiri. Kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali, halafu nazo zikanyamaza. Mama Tepe alisimama langoni akijikumbatia, na moyoni alikuwa ameanza kumwomba Mungu amrudishie mumewe tu, hata awe kimya maisha yake yote.

Ndipo akamwona. Alitoka kwenye ukungu akitembea pole pole mno. Alipiga hatua, akasimama, akaangalia nyuma. Akapiga nyingine, akangoja. Alitembea kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Alipofika langoni alisimama pembeni, akaacha nafasi ya mtu kupita.

Neno lililongojwa hakulitamka. Mwenyekiti akakohoa. Mama Tepe akamsogelea, akamshika mkono uliokuwa wa baridi.

"Baba watoto, sema twende nyumbani."

"Yupo nyuma," alinong'ona. "Anakuja. Mguu unamuuma. Tumsubiri."

Mama Tepe aliangalia barabara. Mawe, matope, ukungu. Alisema haoni mtu. Mumewe akamjibu kwamba haoni kwa sababu hajawahi kutembea nyuma.

Wakasubiri. Watoto wa wageni wakaanza kulia kwa baridi. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu mzee ameshachanganyikiwa, na mtu mmoja akacheka. Mama Tepe alihisi damu inampanda kichwani. Miaka ile ya kimya mezani, ya kuongea peke yake na sufuria, tepe zilizofungwa mara tatu, mgongo, mbuzi, na sasa aibu hii mbele ya kijiji kizima. Aliona uchovu mpaka kwenye meno. Alichotaka ni kumtoa mumewe pale, amvue nguo mbichi, amlaze.

Akageukia watu, akapaza sauti.

"Nyuma hakuna mtu!"

Mwenyekiti hakungoja aambiwe mara mbili. Alizima mashine ya kupuliza upepo, na lango likaanza kushuka kwa mlio mrefu wa upepo unaotoka. Katikati ya mlio ule, Mama Tepe alisikia kitu kingine. Nyayo. Moja nzito, moja ya kuburuta. Zilikuwa karibu kabisa.

Lango lilipolala chini, nyayo zikakoma.

Mfunga Njia alimtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa huruma, na hilo ndilo lililomtisha.

"Alikuwa amebakiza kidogo tu," alisema.

Jioni ile alikula vizuri, akaongea habari za watoto wao walioko mbali, akalala usingizi mzito ambao hajaulala tangu mwaka juzi. Mama Tepe alifurahi. Alijiambia kwamba yamekwisha, na kwamba angejua, angelisema neno lile mapema.

Asubuhi aliweka birika jikoni na kufungua mlango atoe majivu. Kwenye nguzo ya geti kulikuwa na utepe.

Wa buluu.

Fundo lilikuwa lake, la kuvuta kwa kidole kimoja. Utepe mwingine ulikuwa kwenye bomba la maji. Mwingine kwenye uzio wa jirani, na mwingine mbele, pale njia inapoanza kuingia msituni. Hofu ilimjia, lakini hasira iliiwahi. Watoto wa shule, alisema. Leo nitawakamata. Aliweka ndoo ya majivu chini, akatoka na kandambili, akazifuata zile tepe. Alipita geti. Alipita bomba. Alipita uzio.

Akageuka aone kama kuna anayechungulia.

Nguzo ya geti haikuwa na kitu. Wala bomba. Utepe wa kwenye uzio, hatua moja nyuma yake, ulikuwa unafunguka wenyewe, taratibu, kama unavutwa kwa kidole. Nyumba yake hakuiona tena. Ukungu.

Alisikia pumzi. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka, begani kwake.

"Nyuma hakuna mtu."

Mfunga Njia aliamshwa na mlio wa birika lililokauka. Alikuta mlango wazi na ndoo ya majivu kizingitini. Kijiji kilipanda mlima siku hiyo na siku nyingi zilizofuata, na mwenyekiti alipiga kelele korongoni mpaka sauti ikamkauka. Kuanzia getini hadi msituni hawakuona utepe hata mmoja. Ila ndani, kwenye msumari ambapo Mama Tepe hutundika koti lake, kulikuwa na bunda la tepe za buluu, zimekunjwa vizuri, moja juu ya nyingine, na zilikuwa bado zinadondosha maji.