Upande wa Kushoto wa Picha

Kaka yangu Reino hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa seremala, na aliamini kile tu ambacho tepu yake ilikipima. Mimi nami nimekaa dirishani posta miaka thelathini na miwili nikisikia uongo wa kila aina, kwa hiyo msinidhanie mtu wa kutishika hovyo. Nayasimulia kama yalivyotokea.

Ilikuwa Jumatatu ya Februari, saa nne asubuhi, jua linawaka juu ya theluji hadi macho yanauma. Niliendesha gari kutoka kwangu Marquette hadi kwake Hancock, saa mbili za barabara, kama nilivyofanya kila wiki tangu wifi yangu Marlys afariki. Kwenye kikapu nilikuwa na mkate wa iliki. Nilimkuta Reino jikoni, amevaa shati lile lile la wiki iliyopita, anaitukana kompyuta.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Njoo kwanza uone walichomfanya mke wangu," akasema. "Amekuwa mpana kama pipa!"

Marlys alikuwa na mchezo mmoja tu wa kompyuta, wa mwishoni mwa miaka ya tisini. Unajenga nyumba, unaweka watu wadogo ndani, unawaangalia wakiishi. Alikuwa amejenga jiko lao hili hili, akaweka watu wawili: yeye na Reino. Wiki ile kioo cha kompyuta cha zamani, kile chenye mgongo, kiliungua, na Reino akanunua kipya, kipana. Mchezo ulitengenezwa kwa picha iliyokaribia mraba, kwa hiyo kwenye kioo kipana ulivutwa kushoto na kulia na watu wake wakanenepa. Marlys alikuwa mwembamba maisha yake yote. Hata alipocheka, alicheka kicheko chembamba.

"Nataka kumwona alivyokuwa, basi," Reino aliniambia. "Picha za albamu hazitembei, Verna. Huyu anatembea. Anakwenda jikoni, anarudi."

Nilimkatia mkate.

Alikuwa amepata maelekezo kwenye jukwaa moja la mtandaoni, la watu wanaopenda michezo mikuukuu. Akanisomea kwa sauti, kidole kwenye kioo. Fungua faili la mipangilio. Palipoandikwa upana 640 andika 1920. Palipoandikwa kimo 480 andika 1080. Ukimaliza, lifunge faili hilo lisomwe tu, lisiandikwe, maana mchezo huu una tabia ya kubadilisha tarakimu wenyewe. Na chini kabisa aliyeyaandika alikuwa ameongeza: mkiona watu wamesimama pembeni gizani, msishtuke. Waliotengeneza mchezo hawakutarajia mtu aone huko. Ndiko walikowaweka waliokuwa wakisubiri zamu.

"Kumbe hata huko kuna foleni," nikasema. "Bora huko hawanitukani mimi."

Reino alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. Niliondoka mchana nikiwa nimefurahi, nikamwacha anaandika tarakimu zake kwa kidole kimoja.

Jumatano alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona, ingawa alikuwa peke yake ndani ya nyumba.

"Verna. Hayumo tena jikoni."

"Nani?"

"Marlys. Picha imekaa sawa, lakini mezani nimebaki mimi tu. Yeye yuko nje ya ukuta, gizani, ukingoni kabisa mwa picha upande wa kulia. Amesimama. Ananitazama."

"Mchezo umeharibika, kaka. Uzime ukalale kidogo."

"Si mwanasesere mwenye uso wa nukta nukta, mdogo wangu. Ni yeye. Ana ile sweta aliyofia nayo hospitalini."

Sweta ile ilinunuliwa mwaka jana, na mchezo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini. Akaniambia pia kwamba hakulifunga faili. Kila asubuhi alikuta tarakimu zimepanda zenyewe. Jumatatu aliandika 1920. Jumanne akakuta 2200. Jumatano 2600. Kila ukingo ulipokwenda, Marlys alikwenda nao.

Kioo chake kilikuwa na nukta 1920 tu kwa upana. Sikutaka kufikiria zile zilizozidi zilikuwa zinaangukia wapi.

Ijumaa niliamka mapema nikaenda. Nia yangu ilikuwa moja, nimtoe Reino mle ndani nimlete kwangu, apende asipende. Sikuwa na ndugu mwingine duniani.

Jiko lilikuwa na joto, limefagiliwa. Reino alikuwa amenyoa ndevu. Kompyuta ilikuwa kwenye meza yake ndogo ukutani. Upande wa kulia wa meza, jiko la kuni. Upande wa kushoto, meza ya kulia chakula na kiti ninachokaliaga mimi. Karibu na jiko la kuni alikuwa ameweka kiti kitupu, na mbele yake kikombe cha kahawa. Kahawa ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Karibu, kaa," akasema. "Usimpite mbele, tafadhali."

"Reino. Unanitisha."

"Asubuhi hii imefika elfu tisa na mia nne. Nimepiga hesabu." Akanionyesha tepu, macho yanang'aa. "Nukta zote zilizozidi, ukizigawa, ni inchi arobaini na moja kutoka ukingo wa kioo. Inchi arobaini na moja ni pale kwenye kiti. Sijambahatisha, Verna. Nimempimia."

Niliketi kwenye kiti changu cha kila wiki. Nikatazama kioo nisitazame kile kiti. Mtu mdogo wa Reino alikuwa mezani peke yake. Upande wa kushoto wa kioo ulikuwa umefunikwa taulo la vyombo, limebanwa kwa vibanio vya nguo.

"Na hili taulo?"

"Liache."

Nikalivua. Nyuma yake kulikuwa na giza tupu.

"Hapa hakuna kitu," nikasema.

"Kulikuwa," akasema Reino.

"Kulikuwa na nini?"

"Mwingine. Mrefu." Alishusha sauti. "Hawakummalizia sura. Nilimfunika tangu siku ya kwanza, sikupenda anavyosimama. Sasa hayupo tena hapo."

"Yuko wapi?"

Nikaichukua tepu mkononi mwake. Picha ikitanuka, hutanuka pande zote mbili. Nilibana ncha yake kwenye ukingo wa kushoto wa kioo, nikaivuta. Ishirini. Thelathini. Nilikuwa naivuta kuelekea kwangu mwenyewe. Arobaini na moja iliishia kwenye mgongo wa kiti nilichokalia.

Sikugeuka. Nilisikia baridi sikio la kushoto. Kisha nywele zangu zikainuliwa. Taratibu. Kama mtu anavyokusogezea nywele ili akunong'oneze.

Reino alinitazama. Halafu alitazama juu yangu, juu zaidi ya pale ambapo kichwa cha mtu kingekuwa. Sijawahi kuona uso wa kaka yangu ukiwa hivyo.

"Usipumue kwa nguvu," akasema.

Akageukia kompyuta. Akafungua faili. Hakukosea tarakimu hata moja. Upana, 640. Kimo, 480. Kabla ya kulifunga alisimama kidogo, akatazama upande wa jiko la kuni. Alikuwa analia.

"Nisamehe, mama," akamwambia mkewe. "Huyu bado yuko hai."

Akalifunga faili, lisomwe tu, lisiandikwe. Nywele zangu zikashuka. Kikombe cha kahawa kilikuwa kimeacha kutoa mvuke.

Alitoa sidii ya mchezo akaitupa ndani ya jiko la kuni. Saa saba mchana tulikuwa barabarani na sanduku lake moja. Nilimshika mkono nikajiona nimeshinda.

Tulikuwa tumeipunguza picha. Hakuna aliyejiuliza, aliyekwisha kutoka nje ya picha atarudi wapi.

Reino aliishi kwangu miezi kumi na moja. Alikula, alitengeneza milango yangu, alitoa theluji uani. Lakini mezani alikaa kushoto kwangu kila siku. Tukitembea, alikuwa kushoto. Hata gari, ambalo kwetu usukani uko kushoto, hakukubali niendeshe. "Ukiendesha wewe," alisema mara moja, "kushoto kwako kuna mlango tu." Nilimtania kwamba amekuwa mlinzi wa benki, akatabasamu bila kusogea.

Kilichomuua ni upweke, hata kama daktari aliandika moyo. Wakati mwingine alinyamaza katikati ya mazungumzo akatega sikio upande wake wa kulia, kule alikokuwa Marlys kwenye picha. Alisubiri. Kisha akaendelea kula. Marlys hakutufuata. Kaka yangu alimtoa kwa ajili yangu, na hakuna siku hata moja aliyonilaumu. Nalisema hili nikilia, na msomaji anisamehe.

Tulimzika Januari. Kanisani nilikaa benchi la mbele, peke yangu, maana ukoo wetu umeisha. Nilikuwa nimeingia kwa mlango wa ukumbi ulio chini ya kanisa, tulikonywea kahawa kwa saa nzima, na viatu vyangu vilikuwa vikavu. Katikati ya wimbo wa pili mzee wa kanisa, Bwana Harju, alikuja akainama kulia kwangu. Alinipa kitabu cha nyimbo. Halafu akanipa cha pili.

"Cha mwenzako," akaninong'oneza. "Na mwombe ainamishe kichwa kidogo, mama. Walio nyuma hawaoni jeneza."

Nilikitazama kitabu kile hadi wimbo ukaisha. Kisha nikatazama chini, kushoto kwangu. Kwenye sakafu, mbele ya benchi, theluji mbichi ilikuwa inayeyuka, marundo mawili yenye umbo la nyayo, kila moja refu kuliko mkono wangu kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, na ncha za mbele zote mbili zilikuwa zimenielekea mimi.