Maziwa ya Golnar

Saa nane usiku mtoto alilia nyuma ya ukuta, kile kilio chembamba cha kichanga mwenye njaa, na Golnar akaamka kifua kimelowa. Akawasha taa. Binti yake Bita, wa miaka mitatu, aliyeacha ziwa zamani, alikuwa amelala fofofo ubavuni pake. Na nyuma ya ukuta ule hakuna jirani, ni hewa tu, maana walikaa ghorofa ya nne.

Asubuhi mama mkwe, Bi Esmat, aliikuta shuka ndani ya beseni. Akainusa.

"Haya, mke wa mwanangu. Behruz yuko na lori mpakani Uturuki, mwezi wa nne huu. Maziwa haya ya nani?"

"Sina mimba, mama. Wallahi."

"Basi ya mbuzi."

Golnar akalia, akayatoa yote kwa pumzi moja: kodi ilivyowashinda majira ya baridi, tangazo la kuuza mayai yake ya uzazi aliloweka kwenye simu, umri, kimo, rangi ya macho, na picha ya Bita, kwa kuwa wanunuzi hutaka kuona mfano. Wakamchambua kama tikiti la sokoni, pua hii, nywele hizi. Akachomwa sindano siku kumi na moja, kisha daktari akayavuna mayai yake. Akauliza ni mangapi. Muuguzi akasema, "Hayakuhusu tena, dada."

"Wenye kuuza mayai ni wenye kuku," alisema Bi Esmat, lakini hakucheka. Akanong'ona: "Mama humtaja mwanawe kwa jina, akamwambia maziwa yangu ni halali kwako, ndipo mtoto atulie. Hao wa mayai yako uliwaambia?"

"Sikuwazaa mimi, mama."

"Ni ndugu wa mjukuu wangu. Wanadai chao."

Usiku Bi Esmat akafukiza mbegu za esfand za kufukuza jicho baya. Kilio kikaanza. Kimoja. Viwili. Vikawa vingi.

"Sema," Bi Esmat akahimiza.

Golnar akasogeza mdomo ukutani. "Maziwa yangu ni halali kwako..." Akakwama. Jina hakuwa nalo. Hakuna aliyempa. Vilio vikapanda, na hofu ikamtoa jina pekee la mtoto alilolijua.

"Bita."

Kimya. Kifua kikakauka papo hapo.

Kulipokucha Golnar alimwita binti yake kwa jina aje anywe chai. Mtoto hakugeuka. Akamwita tena.

"Abee, mama," ikaitika sauti nyuma ya ukuta.

Bi Esmat akamshika Golnar mkono. "Huyu tumwite 'mwanangu' tu."

"Na Behruz akiuliza?"

"Asijue. Asijue mtu yeyote. Niapie."

Golnar akaapa kwa uhai wa mtoto wake, na ulimi ukiwa bado kwenye kiapo akatambua kwamba hajui ni wa yupi.