Pumzi ya Tatu

Hnnh.

Ilikuwa pumzi. Ilivutwa puani, ikajaa kifua, ikasimama, kama ya mtu anayetaka kuanza kuimba. Kinanda aliisikia usiku, akiwa peke yake sebuleni, anarudia kipande kigumu cha wimbo wa mwisho wa onyesho lililokaribia. Mtu mwingine angeruka dirishani. Yeye vidole vyake vilishuka kwenye piano na kuanza kupiga.

Hilo ndilo lililomtisha baadaye, alipokwisha kuwasha taa zote na kuangalia hadi nyuma ya mlango. Hakukuwa na mtu, naye alikuwa ameitikia. Palikuwa na harufu tu, harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, katika nyumba isiyo na mshumaa hata mmoja.

Lakini angefanyaje? Kuitikia ndiyo kazi yake. Chuoni, wenzake walipofundishwa kung'ara, yeye alifundishwa kusindikiza waimbaji. Alijifunza kusoma mabega yao. Alijifunza kuushusha wimbo mzima hadi sauti ya chini zaidi papo hapo, bila kuandika chochote, kwa sababu mwimbaji ameamka na mafua. Zaidi ya yote alijifunza kusikia pumzi: mwimbaji akivuta, unaingia; akikwama, unamngoja; akiruka mistari miwili, unaruka naye na ukumbi usijue kitu. Mwalimu wao, mzee wa vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, aliwafunga macho kwa kitambaa, akasimama nyuma yao na kupumua. Aliyechelewa alirudia mpaka jasho limtoke. Basi ilifika mahali Kinanda akisikia pumzi, huingia. Mikono haimuombi ruhusa.

Na Kinanda halikuwa jina lake. Ndivyo dada yake alivyomwita, na watu wote wakafuata, hata mwenye duka la mtaani: "Karibu, Kinanda, leo sabuni ipo."

Dada alikuwa mwimbaji, na sauti yake ilikuwa sauti kweli, ya kumfanya mtu asahau amekuja na nani. Kila onyesho mshereheshaji alimtaja kwa majina yake yote matatu, kisha akamalizia: "akisindikizwa kwa piano." Piano ilijipiga yenyewe, labda. Zamani haikuwa hivyo. Katika onyesho lao la kwanza watu walisimama, wakapiga makofi, wakaanza kuita jina kwa mdundo. Dada akainama kupokea. Akiwa bado ameinama ndipo akasikia vizuri: jina waliloita lilikuwa la mdogo wake. Tangu jioni ile hakulitamka tena, si jukwaani, si nyumbani. Mama aliendelea kulitaja, tena kwa kuliimba kidogo, mpaka alipofariki mwaka jana. Baada ya hapo jina likakosa mdomo.

Asubuhi baada ya usiku ule wa pumzi, yeye na dada walikuwa mazoezini.

"Unanichelewesha," dada alisema.

"Nilikuwa nangoja upumue."

"Nilishapumua zamani! Au unataka nikupigie honi?"

Kinanda alicheka, lakini shingo yake ilikuwa baridi. Alikuwa ameisikia pumzi ya dada, mbele yake, na pumzi yake mwenyewe, na nyingine ya tatu, kisogoni, ndefu kuliko zote. Mikono yake ilikuwa imeingoja hiyo.

Wiki ile ikawa hivyo. Kadiri ile ya kisogoni ilivyorefuka, ya dada ilifupika. Dada aliyekuwa akiimba mistari minne bila kupumua alianza kukatika katikati ya neno, mkono kifuani, macho yamemtoka. Daktari aliyasikiliza mapafu yake, akasema ni mazima, apumzike, apunguze mawazo. Dada akarudi anahema kwa kupanda ngazi tu.

Kinanda akaenda kwa mwalimu. Mzee alimsikiliza, kisha akainuka kufunga dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

"Punguza sauti," alinong'ona. "Hilo linalovuta pumzi, linapumulia wapi?"

"Hapa. Kisogoni."

"Na likitoa pumzi, unaisikia?"

Kinanda akafikiri. Akazihesabu pumzi zote alizozikumbuka.

"Halijawahi kutoa, mwalimu. Linavuta tu."

Mzee alisugua vidole vyake vilivyopinda. "Hewa hiyo ni ya dada yako, mwanangu. Jini linaivuta kupitia kwako, kwa kuwa wewe ndiye unayemsikiliza kuliko mtu yeyote duniani. Linajaza kifua. Kikijaa litakuita kwa jina lako, lile la kweli, na wewe utaitika. Mimi ndiye niliyekufundisha kuitika, Mungu anisamehe. Ukishaitika, wewe ni wake, na dada yako hana pumzi tena."

"Basi nitaje wewe! Sasa hivi!"

"Ningeweza ningekuwa nimeshalitaja. Likiwa mdomoni mwangu ni neno tu. Aliyekunyima ndiye wa kukurudishia, naye alitamke kabla jini halijakuita; ukimwitikia yeye kwanza, jini halina njia tena."

Jioni alimkuta dada anapiga pasi gauni la onyesho, amekaa kitini kwa kukosa pumzi.

"Dada, niite jina langu."

Pasi ikasimama. "Ehee! Onyesho ni kesho, leo ndiyo unataka kutangazwa."

"Sitaki kutangazwa. Hapa hapa, jikoni. Mara moja tu."

"Una homa wewe?"

"Dada, nakuomba kwa ajili ya mama."

Dada alifungua mdomo. Kinanda aliuona ulimi ukigusa meno, tayari kabisa. Kisha mdomo ukafungwa, na pasi ikaanza tena kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mahali palepale palipokwisha kunyooka.

"Walilipenda mno," dada alisema, kama analiambia gauni. "Nikiwapa, watalitaka tena. Kalale, Kinanda."

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Nyimbo za kwanza zilipita salama, dada akipumua kila mstari kama mtu anayekunywa maji kwa kijiko. Ukaja wimbo wa mwisho, na mwishoni mwake ile sauti ndefu ya juu, ambayo mwimbaji huishikilia hewani huku piano ikishuka chini yake ngazi kwa ngazi, impe mahali pa kutua. Dada akaishika. Kinanda akataka kushuka. Mikono haikwenda, maana kisogoni ile pumzi ilikuwa bado inavuta, inavuta na harufu ya mshumaa inamjaa kooni, inavuta na taa za jukwaani zinafifia kana kwamba nazo zinapumuliwa, inavuta na sauti ya dada inakuwa nyembamba, kutoka kamba ikawa uzi, kutoka uzi ikawa unywele, na watu wa mbele wameanza kutazamana, na Kinanda anaviamuru vidole vyake kimoja kimoja na vyote vimekataa, mpaka dada akafanya jambo ambalo mwimbaji hafanyi akiwa mbele ya watu: akawageuzia mgongo, akamtazama mdogo wake, kisha macho yake yakapanda juu kidogo ya bega la mdogo wake, yakakiona kilichokuwa pale, yakatanuka.

Kisogoni pumzi ilifika mwisho. Ikasimama, imejaa. Kinanda alisikia midomo ikiachana karibu na sikio lake, sauti ndogo, ya majimaji, na "abee" ikaanza kumpanda kooni yenyewe, tayari kuitika.

Dada alikuwa amebakiwa na hewa ya neno moja. Angeweza kuimaliza sauti yake. Akaikata, mbele ya ukumbi mzima, na kwa hewa ile iliyobaki akaita:

"Tunu!"